Baiskeli Nyeusi ya Korosho za Mama

Duka la baiskeli hapa Rahaleo linanuka matairi mapya. Muuzaji ananihimiza nikalie keria nione ilivyo imara. Nimekataa.

Siku ile, zamani, tulipokuja na baba kununua baiskeli ya nyumbani, aliyekaa ni mama. Korosho zilizouzwa zilitoka shambani kwake, kule Nanyamba, na hela yenyewe haikuwa ya kuchezea. Baba aliitaka ile nyekundu yenye gia. Mama akagonga fremu kwa kidole, akatikisa magurudumu, akasema, "Hizo gia zitatufia mchangani. Tuchukue hii nyeusi. Nzito, lakini itadumu."

"Haya, kaa nyuma tuone," baba akamwambia.

Mama akakaa upande, kanga kaibana kwa magoti, akicheka kwa haya mbele za watu. Keria haikutikisika. "Mtazeeka nayo hii," muuzaji akasema, nami nikaamini.

Msimu mwingine wa korosho haujafika, siku moja mimi na mama tulikuwa tunarudi kutoka shamba na mihogo kichwani. Tukasikia kengele nyuma yetu. Alikuwa baba. Kwenye keria kampakia mke mdogo, aliyemuoa juzijuzi tu, naye kakaa upande, kanga kaibana kwa magoti. Kengele alitupigia sisi, tupishe.

Mama akanivuta pembeni. Wakapita, vumbi lao likatuingia kinywani. Aliitazama ile baiskeli mpaka ikakata kona.

"Umeona?" akaniambia. "Haijalegea hata kidogo."