Gundi ya Tiara

Seremala wangu hapa mjini Kisii huchemsha gundi kwenye mkebe mkuukuu juu ya jiko la makaa. Wiki iliyopita nilimpelekea kiti kilichovunjika mguu, na kabla sijafika mlangoni harufu ile ikanipokea: nzito, tamu kidogo, harufu ya ngozi na kwato zilizochemka mpaka zikalegea. Nilisimama ukutani nimeziba mdomo kwa leso, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na kijana yule akinicheka. "Mama, ni gundi tu hii!" Nikamwachia kiti bila kumweleza. Nawaambia ninyi, kwa kuwa hamkumjua nyanya yangu.

Kule kijijini kwetu Gesima, mwishoni mwa miaka ya sitini, kurusha tiara ulikuwa mchezo wa wavulana. Mimi niliupenda kuliko chakula. Nilichora miundo yangu kwa kijiti kwenye vumbi la uani: ya pembe nne, ya pembe sita, yenye mikia miwili. Fito zilikuwa matete makavu niliyoyapasua kwa kisu cha jikoni, karatasi ni zile za kaki za pakiti za unga, na uzi niliufumua kwenye magunia mpaka vidole vikaota sugu. Kilichonishinda ni gundi. Tulitumia uji wa wimbi uliolala, na kwetu upepo mzuri huja mbele ya mvua. Manyunyu kidogo tu, uji unayeyuka, na tiara inarudi chini kama kuku aliyenyeshewa. Wavulana waliketi ukingoni juu ya mashamba ya chai wakinipigia makofi. "Kemunto, majani chai yameshiba karatasi zako!"

Aliyekubali kunishikia uzi alikuwa mmoja tu, Ombati, mtoto wa jirani zetu Wakatoliki. Jumamosi mimi nilikuwa kanisani, Jumapili asubuhi yeye alikuwa misani, kwa hiyo tiara yetu ilikuwa na saa zake. Jumapili moja, akiwa njiani kwenda misa, alinipenyezea kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Kwao walikuwa wamechinja nguruwe kwa harusi ya dada yake.

"Chemsha hiyo ngozi mpaka maji yashike vidole," alisema. "Hata mvua ya mawe haitaiweza."

Sasa, nyumbani kwetu nguruwe hakutajwa hata kwa mzaha. Magokoro, ndivyo tulivyomwita nyanya, alikuwa shemasi wa Wasabato, na njia iliyopita karibu na zizi la kina Ombati aliizunguka, mvua ama jua. "Kinywa ni mlango," alikuwa akisema. "Usiuache wazi kama mlango wa kilabu." Nami nilikuwa nimelelewa na mlango huo. Nilipofungua lile jani nikaona ngozi nyeupe yenye nywele ngumu, na chuchu mbili bado zimesimama, nilirudi nyuma hatua tatu. Nzi walifika kabla sijapumua. Lakini tiara yangu ya pembe sita ilikuwa inaning'inia ukutani ikisubiri, nami nikaitosa ngozi katika sufuria ya Magokoro, maana nyingine hatukuwa nayo.

Ilichemka asubuhi nzima. Povu la kijivu lilipanda, nikaliengua, likapanda tena, mpaka ngozi ikalegea na kuyeyukia majini. Jiko lote lilinuka, na nguo zangu, na hata mate yangu. Magokoro alikuwa ameenda kupalilia wimbi, na nilijua hangerudi kabla ya saa nane. Nilisahau mafua yake. Manyunyu yalimrudisha saa sita, amelowa, anatetemeka, pua zimeziba kabisa. Akafunua sufuria.

"Mchuzi!" alisema, na uso wake ukafurahi. Nyama kwetu tuliiona kwa nadra. "Huu umetoka wapi?"

"Kwa kina Ombati. Wana harusi."

Kibuyu alichokitwaa ili auteke kikasimama mkononi. "Walichinja nini?"

Nilitazama ukuta. Nikisema kweli, sufuria ingetupwa chooni na tiara ingeifuata, na Ombati nisingemwona tena uani kwetu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya.

"Ng'ombe," nikasema.

Akafumba macho, akashukuru kwa sala ndefu kuliko kawaida, akatia chumvi, akanywa. Alikunywa kwa kelele, akipuliza, na mafuta yakimng'aa kidevuni. Unywele mmoja mgumu ulimganda pembeni mwa mdomo, akauondoa kwa kidole bila kuutazama. "Unanata midomo," alisema akicheka. "Huu ndio mchuzi wenye nguvu." Kisha akanisogezea kibuyu. "Malizia na wewe, mjukuu wangu. Umekonda."

Nikanywa. Uliteleza, vuguvugu, mzito, ukaganda kooni, na hadi leo nikifumba macho bado uko hapo.

Yaliyobaki kwenye sufuria yalitosha tiara moja. Alasiri, wavulana wote wakitazama, Ombati alishika uzi nami nikakimbia ukingoni na kuiachia. Ikapanda. Mvua ikanyesha, nayo ikazidi kupanda, pembe zote sita zimeshikana, mikia miwili ikicheza juu ya chai. Walipiga kelele za kunishangilia, wale wale walionizomea. Mimi sikuiona vizuri. Nilikuwa nimeinama kati ya miche ya chai, natapika.

Jioni ile mbwa wetu aliivuta kutoka ukutani, akailamba, akaila hadi fito. Sikumfukuza. Sijatengeneza tiara nyingine.

Kwa miaka mingi nilidhani kinyaa kile ni cha nguruwe. Niliolewa, nikaja mjini, nikala mezani na watu wa kila aina, na nguruwe akawa mnyama tu. Kinyaa hakikuondoka. Kisha Sabato moja nilikwenda Gesima, Magokoro amezeeka, anashikwa mikono miwili kusimama. Ilikuwa zamu yake ya kutoa ushuhuda. Alisema hana mali wala elimu, ila ana jambo moja la kumwonyesha Mungu.

"Tangu siku niliyobatizwa," alisema, akigusa midomo yake kwa kidole, "kitu najisi hakijapita mlango huu."

Kanisa zima likasema amina. Akageuka akanitafuta kwa macho yake yenye ukungu, mjukuu aliyemlea mwenyewe, akangoja. Mlango wake ulikuwa umelindwa vizuri sana. Mimi ndiye niliyeufungua, na uchafu wote ule ulitoka kinywani mwangu, kwa neno moja, kwa sababu ya karatasi ya unga na fito tatu za matete.

"Amina," nikasema, kwa sauti, ili asikie.