Fundi Toyba na sauti iliyofungwa ndani ya simu

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umeukalia mji wa Dessie, Ethiopia, na Toyba Yimam anajaribu kwa mara ya tano kufungua ukurasa ule ule kwenye kompyuta aliyoinunua juzi. Kwa mara ya tano kompyuta inamkatalia. Inasema mahali anapotaka kwenda si salama.

"Si salama kwa nani?" anaiuliza. "Acha ubishi, dada. Mimi na wewe tuna kazi."

Pembeni yake, kwenye kigoda, ameketi bibi wa miaka sabini na mmoja, Askale, ambaye kwa heshima huitwa Emama, amejifunika shuka la pamba mpaka masikioni. Mkononi ana simu iliyopasuka kioo chote. Ina chaji, inatetemeka ikipigiwa, lakini haionyeshi kitu wala haisikii kidole.

Ndani ya simu hiyo mna sauti iliyorekodiwa ya Shehe Endris, mzee wa usuluhishi aliyeligawa shamba la ukoo mwaka jana na kuitaja mipaka yake jiwe kwa jiwe. Shehe Endris ameshafariki. Leo saa tano wazee wenzake wanakaa tena, kwa sababu Demissie, shemeji yake Askale, anadai shamba lote mpaka kijitoni ni lake.

"Bila ile sauti, mimi ni bibi kizee anayesema tu," anasema Emama Askale. "Na vizee tunasema sana."

Kabla ya kufika hapa alipita kwenye duka kubwa la simu la Mulatu, ambaye kwa heshima huitwa Gashe, ng'ambo ya barabara. Mulatu aliigeuza simu mara mbili, akasema kioo chake kinaagizwa Addis Ababa na huchukua siku nne. "Itupe, Emama. Nitakupunguzia bei ya mpya."

Toyba ana miaka thelathini na sita. Shule aliiacha darasa la nane, na cheti cha ufundi hana. Alianza kwa kuuza vocha na shayiri ya kukaanga, akajifundisha kwa kuzifungua simu ambazo maduka yalizitupa. Leo ana kibanda cha mabati ambacho watu wawili wakiingia, wa tatu anangoja nje. Siku njema humpa birr mia nne, siku ya mvua hata mia hapati.

"Waliniambia mwanamke ataogopa umeme," anasema. "Mimi umeme umenipiga mara nyingi tu. Haukuniuliza kama ni mwanamke."

Ana desturi moja inayowachekesha mafundi wenzake. Kila simu inayopita mikononi mwake, humwuliza mwenyewe: "Nikufungulie mlango wa nyuma?" Mwenyewe akikubali, Toyba huingia kwenye mipangilio, hugonga namba ya toleo mara saba kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, kisha huiruhusu simu ipokee amri kutoka kwenye kompyuta yake. Jina la mteja huliandika daftarini. Jina la Askale limo tangu mwaka juzi, alipoleta simu hiyo hiyo itengenezwe tundu la chaji.

Tatizo ni kwamba Jumapili iliyopita umeme ulirudi kwa kishindo ukaiunguza kompyuta iliyopewa ruhusa zile. Zana zake za kuingilia mlango wa nyuma, mafundi wanaziita ADB, ziliungua nayo. Kilichopona ni ufunguo: faili dogo ambalo simu hulitumia kuitambua kompyuta. Toyba alilinakili kwenye flashi, na flashi huifunga kwenye pindo la mtandio wake.

Zana lazima zipakuliwe upya. Toyba anabadilisha laini. Anaongeza bando. Anapanda kwenye stuli kutafuta mtandao. Wapi.

Gashe Mulatu anavuka barabara, kikombe cha kahawa mkononi. "Toyba mwanangu, bado unapigana na hilo debe?"

"Napigana nalo, Gashe. Wewe ulikimbia."

"Mwache bibi wa watu akajitetee kwa mdomo. Saa zinakwenda."

Toyba anatazama saa ya kompyuta. Saa tatu kasoro robo. Tarehe ishirini, mwezi wa sita, mwaka 2016. Mtu yeyote wa Dessie angesema kila kitu kiko sawasawa, na Toyba ameshaitazama tarehe hiyo mara tatu tangu asubuhi. Safari hii anatulia.

"Emama, huko nje ni mwaka gani?"

"Nje wapi?"

"Kwa wazungu."

"Wazungu wananihusu nini? Ni elfu mbili na kumi na sita."

"Ndivyo alivyodhani na karani wa kompyuta hii."

Kompyuta hiyo ilikuwa ya chama cha mazishi cha mtaani. Karani aliiwekea kalenda ya nyumbani, ya Kiethiopia, ili barua za misiba zitoke na tarehe inayoeleweka. Kwa dunia ya nje, wanakohesabu 2024, ilikuwa imebaki nyuma karibu miaka minane, na kila ukurasa wa leo iliuona kama kitu ambacho bado hakijazaliwa.

Toyba anabadilisha tarehe yote, siku, mwezi na mwaka. Ukurasa unafunguka. Zana zinaanza kushuka, taratibu kama asali ya baridi.

"Kitendawili," Emama Askale anamgeukia Mulatu.

"Tega."

"Kipofu, lakini ameshika maneno ya marehemu."

"Jiwe la kaburi."

"Sivyo. Nipe mji."

"Chukua Kombolcha."

"Kombolcha kuna joto. Nipe mwingine."

"Haya, chukua Weldiya."

"Nimefika Weldiya, nimekula, nimelala. Ni hii simu yangu, uliyosema niitupe."

Mulatu anakunywa kahawa yake, lakini haondoki.

Toyba anazifungua zana, anachomeka waya, anafungua dirisha jeusi na kuandika: adb devices. Jibu linakuja kwamba simu ipo, ila haijatoa ruhusa. Anaifungua flashi kutoka kwenye mtandio, anauweka ufunguo mahali pake, anazizima zana na kuziwasha, anaandika tena. Simu inakubali. Amri moja zaidi, na rekodi zinaanza kumiminika kwenye kompyuta.

Kutoka kwenye spika iliyochakaa mzee anakohoa mara mbili, anasema bismillahi, na kuanza kutaja mawe.

"Bado anakohoa, masikini," anasema Emama Askale, na kujifuta macho kwa ncha ya shuka.

Saa tano wako mbele ya wazee, Toyba ameipakata kompyuta kama mtoto. Demissie anasema mashine inaweza kusemeshwa chochote.

"Msiniamini mimi wala mashine," Toyba anawaambia wazee. "Twendeni shambani, tuyahesabu mawe anayoyataja."

Wanakwenda. Sauti inataja, wazee wanatafuta. Jiwe la kwanza lipo. La pili lipo. La tatu halipo, pana shimo lenye udongo mbichi. Wazee wanamwelekeza Demissie kwenye jiwe lililoviringishwa kijitoni, naye analibeba mwenyewe mpaka mahali pake, mbele ya shemeji yake.

Kuanzia Jumatatu ijayo Toyba ataweka viti vinne mbele ya kibanda na kuwafundisha wasichana kazi hii bila malipo. Somo la kwanza si kufungua skrubu. Ni kuziweka zana kwenye kompyuta tupu, tangu mwanzo, "kwa sababu umeme utaunguza tena, na mimi sitakuwepo kila kibanda."

Gashe Mulatu amempelekea ujumbe kwamba yuko tayari kumwajiri: birr elfu sita kwa mwezi, meza ya ndani, karibu na jiko la mkaa.

"Mwambieni wasichana watatu wameshajiandikisha," anasema Toyba. "Kiti kimoja bado kiko wazi. Aje na daftari."