Punda Aliyetenga Roki na Hevi Metali

Dukani huku Amu palikuwa na fundi wa simu, Bi mmoja wa kijiji cha Mbwajumali aliyebeba mfuko wa kanda za muziki, mchukuzi wa saruji ambaye punda wake alisimama mlangoni, na mimi niliyefuata chaja.

Bi alitaka kanda za mumewe, baharia mstaafu asiyeinuka tena kitandani, zihamishiwe kwenye flashi mbili: moja ya roki ngumu, nyingine ya hevi metali. Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka.

"Bi, zote hizi ni kelele moja," alisema fundi.

"Mume wangu asema zisitanganywe, roki kando, metali kando. Mara ya kwanza zilitanganywa, akakataa uji siku mbili."

Tukasikiliza. Nilisomeshwa kuita kila kitu kwa jina lake, lakini kanda ya tatu ilinishinda. Fundi alisema ni roki, mchukuzi akasema ni metali. Ndipo tukamwona punda. Kanda nyingine zilimfanya atikise masikio tu. Nyingine zilimrudisha nyuma pamoja na saruji.

"Akitikisa masikio, roki. Akirudi nyuma, metali," mchukuzi akaamua.

"Na akikosea?"

"Bi, huyu hana upande."

Kanda zote zikapita kwake. Moja ilimfanya arudi hatua moja kisha asimame, na Bi akaagiza iwekwe kwenye flashi zote mbili.

Juzi nilikutana na Bi gatini. Alisema mumewe alisikiliza mpaka mwisho, hakuona kosa, akauliza ni nani aliyezipanga.

"Ukamjibuje?"

"Nalimwambia ni bingwa wa Amu."

Mumewe alikuwa amefariki Jumapili iliyotangulia.