Mvua Ingoje Alhamisi Ipite

Juzi nilinunua sukuma wiki pale Kambu, kando ya barabara kuu, ninakouza viatu vya mitumba tangu nilipohama soko la Tulia. Majani yalikuwa mapana, yanang'aa, hayana tundu hata moja. Nilipoyasifu, muuzaji akacheka. "Hizo hata mdudu anaziogopa, mama."

Nilizipika, nikazila, lakini sikutulia. Susu, yaani nyanya yangu aliyenilea, angenipokonya sahani. Alikuwa akisema kwamba jani lililomshinda mdudu halifai tumbo la mtu. Nami nikishakumbuka kitu kama hicho, miguu huanza kuniwasha. Kesho yake nilifunga viatu vyangu kwenye gunia, nikaenda kwetu, upande wa Mukuyuni, kuuangalia mto.

Usifikirie maji, rafiki yangu. Mto wetu, nilipokuwa mtoto, ulikuwa mchanga. Maji yalilala chini yake, na ukichimba kidogo yalikuja yenyewe, baridi, yakinukia udongo. Ukingoni, kina mama wa kanisa letu walikuwa wamegawana vitalu vya mboga, kila mtu na chake, bila ua wala kichaka katikati. Jioni ungesikia vibuyu vikikwaruza mchanga visimani, na mikono ya kila mtu ilibaki na harufu kali ya majani ya nyanya. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, na kuokota viwavi kwenye kabichi na kuwatia mkebeni. Kuku walinijua kwa mlio wa mkebe ule.

Kila mama alilima apendavyo, isipokuwa kwa jambo moja: wadudu walikuwa wa wote. Wabaya zaidi ni wale wadogo wa kijivu wanaojikusanya chini ya jani la sukuma kama unga uliomwagika. Tuliwaita chawa. Leo wako kwako, kesho wako kwa jirani. Kwa hiyo kila Alhamisi mwenyekiti wa kina mama, jirani yetu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alipita akigeuza majani kwa kidole gumba. Akikuta chawa, alikupa wiki moja. Wiki ikiisha bado wapo, wenzako walishuka wote, wakang'oa kila kitu chako na kukichoma, nawe ukakaa bila mboga mpaka msimu mwingine. Hakuna aliyeuona huo kuwa ukatili.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimechelewa, chawa walianzia kwetu.

"Mwaitu," mwenyekiti alimwambia Susu kwa heshima ya mama mzazi, ingawa macho yake hayakucheka, "Alhamisi ijayo nitarudi."

Dawa ya Susu ilikuwa majivu ya jikoni. Unayarusha alfajiri, jani likiwa na umande, yashike. Kisha unayaacha siku kadhaa bila tone la maji juu yake, mpaka chawa wakauke. Tulirusha hadi nyusi zetu zikawa nyeupe. Sukuma zetu zikafanana na wazee. Nyumbani tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila mboga, kwa sababu Susu hakukubali hata jani moja lichumwe kabla ya siku ile.

Jumapili, kanisa zima liliombea mvua. Watu walikuwa wamepanda mahindi kwenye vumbi, kama desturi yetu ilivyo, na mbegu zilikuwa zinaliwa na mchwa. Ikafika zamu ya Susu kuomba. Akasimama, akafumba macho.

"Bwana, mvua tunaitaka, na wewe unajua. Lakini ingoje Alhamisi ipite."

Hakuna aliyesema amina. Nilitamani benchi linimeze.

"Sasa Mungu umempangia ratiba?" mwenyekiti akamuuliza nje, watu wote wakisikia.

"Sikumpangia. Nimemweleza shida yangu. Wewe si ndiye uliyeniwekea Alhamisi?"

"Na mahindi ya watu?"

"Mahindi hayatang'olewa na mtu."

Jumatatu mawingu yalikuja, yakasimama juu ya kilima, yakaondoka. Jumanne vilevile. Kisimani wanawake walitugeuzia migongo tulipofika. Mmoja alinizibia njia kwa mtungi wake, akasema, "Mwambie susu yako ailegezee mvua kamba." Nilikuwa mtoto, niliamini kweli ameishika. Usiku huo nilimsihi aiachilie mvua. Nadhani hata yeye alikuwa ameanza kuogopa.

Jumatano jioni ikanyesha. Haikuja na manyunyu; iliangukia mabati kama kokoto. Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Susu alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akisikiliza majivu yake yakienda mtoni.

Asubuhi walishuka wote, majembe mabegani. Sukuma zetu zilikuwa zimelala, zimechanika, zimejaa matope. Mwenyekiti akainama, akageuza jani. Akageuza jingine. Akaenda mstari mzima, kisha akarudi nao. Mvua ilikuwa imewapiga chawa, ikawaosha pamoja na majivu.

"Mwaitu," alisema akijipangusa kidole kwenye leso, "kumbe Mungu hakukusikia."

"Alinisikia," Susu akamjibu. "Amekataa tu njia yangu."

Walicheka, wote wawili, na wanawake wakaweka majembe chini wakatusaidia kuinua mimea, mche mmoja mmoja. Mchana tulikula mboga.

Hayo ndiyo niliyoyafuata jana. Malori yamezoa mchanga wote wa mto, umebaki mwamba mtupu. Ukichimba unapata jiwe. Vitalu ni mbigili tupu. Sasa kila boma lina tangi lake, ua wake na chupa yake ya dawa. Nilipita boma moja, lango wazi, sukuma zimestawi karibu na njia. Bila kufikiri niliinama, nikageuza jani.

Mwanamke kijana akatoka jikoni. "Shikamoo, mama. Unatafuta nini?"

"Chawa."

Akanitazama, akalitazama gunia langu. "Kwani hizo mboga ni zako?"

Nililiachilia jani lile, nikaomba radhi, nikashika njia.