Roboti lililokwenda kwenye mswala wa mama

Jamani, leo nimemwachia mamangu roboti huku anaswali adhuhuri.

Nimelinunua Ukunda kwa ajili ya binti yangu. Linatembea lenyewe na macho yanawaka. Sisi utotoni hapa Msambweni tulikuwa na la bati la kutiwa ufunguo, likienda mbele tu mpaka ligonge ukuta lianguke.

Mama hakulipenda tangu jana. "Hicho kinyago kikinisogelea, nakitupa chooni."

Sasa likawa linakwenda moja kwa moja kwake.

Kulikimbilia siwezi, nitakatiza mbele ya mtu anayeswali. Binti yangu amejiziba macho.

Mama yuko kwenye tahiyatu, amekaa. Akanyoosha mkono, vile anavyomzuia mtoto asipite.

Likasimama. Likageuka. Likarudi lilikotoka.

(Kumbe ya siku hizi yanaona kizuizi. Lile la bati lingemgonga.)

Alipotoa salamu nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza:

"Liache. Limeona mkono, limerudi. Wewe jana nilikunyooshea mkono nikiswali, ukauruka ukitafuta chaja."

Chekeni, halafu mniambie pa kuuficha uso. Nimeshindwa adabu na kitu cha betri.