Sahani ya Ndengu Iliyoombewa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti wa kilimo huko Kiboko, nilikuta sahani za mbegu ambazo lebo zake zimefunikwa kwa karatasi. Nilikuwa nimetoka tu kidato cha nne. Nikainua karatasi moja nichungulie. Mkuu wa Takwimu akanipiga mkono.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Nataka kujua nahesabu mbegu gani, sir."

"Usijue. Ukijua, jicho litaanza kupendelea."

Hiyo tuliiita hesabu ya upofu, na nilihesabu hivyo kwa miaka mingi.

Karibu na kustaafu nilikuwa ofisi ya Kitui. Akaja Mtafiti mmoja mgeni aliyechunguza kama fikira za mtu zinaweza kugusa kitu kilicho mbali. Akina mama wa kanisa letu la nyumbani, Matiliku, mke wangu akiwamo, walitumiwa picha ya sahani moja ya ndengu iliyokuwa Kitui, wakaiombea. Nyingine iliachwa. Lebo zilikuwa wazi. Mtafiti alisema kufunika ni kupoteza wakati, nami nikaanza kuhesabu.

Mbegu huhesabiwa imeota mzizi ukifikia urefu unaotakiwa. Lakini ziko za katikati, na hizo huamuliwa na jicho. Kwenye sahani ya akina mama niliandika "imeota". Kwenye ile nyingine, "bado".

Mtafiti akapiga hesabu, akatangaza kwamba tofauti ile haiwezi kuletwa na bahati tu. Hesabu yake ilikuwa sawa. Ila hesabu hiyo hupima bahati. Haipimi jicho la mzee.

Jumamosi nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu, Mama Mutua, anaimba. Dawa zake za presha zilikuwa juu ya kabati, hazijaguswa.

"Kama maombi yamefika Kitui," akasema, "yatashindwa kufika hapa kifuani?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwomba aoteshe ndengu kwenye sahani mbili, aombee moja, asiniambie ni ipi. Siku ya kuhesabu, ile aliyoiombea ilikuwa nyuma kidogo.

"Labda Mungu amekosea sahani," akasema, akijaribu kucheka.

Ndipo nikamweleza zile mbegu za katikati. Akazisogeza sahani kando. Nilidhani amekasirika.

"Kwa hivyo ulijua ni yetu."

"Nilijua ni yako."

"Baba Mutua," akasema, "kumbe si mbegu zilizotusikia. Ni wewe."

Nilimpigia Mtafiti simu. "Ripoti imeshatoka, mzee," akanijibu, na hilo linaniuma hadi leo. Ninyi mnaohesabu sasa, funikeni lebo, hasa pale mnapompenda mtu aliye upande mmoja.

Siku hizi nimestaafu. Kila asubuhi Mama Mutua huomba kwanza, kwa sauti, na mimi nasubiri kando na kikombe cha maji. Akisema amina, ananyoosha mkono.

"Haya, lete hiyo dawa."