Kikombe cha Mitib

Kwanza niseme jinsi Mitib anavyokunywa kahawa, maana bila hilo kisa hiki hakielezeki. Anaivuta kwa kelele, anaisukutua mdomoni kama anayetawadha, halafu sigara yake anaizimia humo humo kikombeni. Kikombe cha watu! Na anayekiosha ni Khazna, mjane wa kaka yake.

Khazna ana mkahawa mdogo hapa mjini Karak, mlango wa pili kutoka tanuri langu la mikate. Mumewe alimwachia mabinti wawili na jiko la mkaa, na tangu hapo hakuna alfajiri iliyomkuta kitandani. Anakaanga buni mwenyewe, anatwanga iliki kwenye kinu cha mti, na mlio wa mchi wake ndio unaoamsha mtaa. Nikishatoa mikate ya kwanza napita kwake, nakaa kwenye kigoda karibu na jiko. Nje baridi inauma, na kahawa chungu inanishuka hadi vidole vya miguu. Raha yangu ya siku ni hiyo. Baada ya hapo ni unga na jasho tu.

Raha hiyo Mitib aliitia najisi Alhamisi moja.

Alikuja na Haji Dhiyab na wazee wengine wawili, wote wamevaa majoho kama wanakwenda kuposa. Khazna akawakaribisha, akammiminia kila mmoja. Mitib akapokea kikombe chake, akakiweka chini kwenye mkeka, akajipangusa masharubu makavu.

"Shemeji," akasema, "hiki sikinywi mpaka unipe haja yangu."

Kwetu mgeni akiweka kikombe chini hivyo, mwenyeji ameshakamatwa. Kahawa ikipoa bila haja kutolewa, aibu inamganda yeye na watoto wake, na mabinti wa Khazna hawajaolewa. Lakini watu wenye haya huenda nyumbani kwa mtu, kwa jambo la damu au la ndoa. Huyu amekuja kumnyang'anya mjane riziki, tena kwa kahawa ya mjane huyo huyo!

"Haja gani?" Khazna akauliza.

"Mkahawa huu. Mwanangu anataka kuuza simu hapa. Wewe kaa nyumbani, tutakutunza."

"Mtanitunza na nini? Huyo mwanao bado anatunzwa na mama yake, na ndevu zote zile."

"Mama," Haji Dhiyab akaingilia, kwa upole wa kuchefua, "mpe shemeji yako, mambo yaishe. Wazee tumekuja na nyuso zetu, usituvunjie heshima."

"Na macho mmeyaacha wapi, Haji?" nikamwuliza.

"Mama Ratib, hili ni la ukoo. Rudi kwenye mikate yako."

Sikurudi.

Khazna akageuka, akamwaga buni mbichi kikaangoni. Wateja wa alfajiri wakawa wanaingia, wanaona kikombe kiko chini, wanajibana ukutani. Khazna akazigeuza buni kwa mwiko. Alikuwa anatafuta neno la kukataa lisilowaharibia wanawe. Nami nililitafuta, nikalikosa.

Buni zikaanza kupasuka, harufu ikajaa chumba. Wazee wakanywa vyao. Haji akaanza hadithi ya punda wa jirani yake aliyeingia msibani. Mitib akawasha sigara, akasikiliza, akacheka, na mkono wake ukafanya kile unachofanya kila asubuhi: ukashuka mkekani, ukachukua kikombe. Akavuta. Kelele ile ile. Akasukutua, akameza, akakitikisa kikombe kama atikisavyo mtu aliyetosheka, akazimia sigara ndani.

Mkahawa mzima ukamtazama.

"Umekunywa," nikasema.

"Nini?"

"Umekunywa, Mitib. Mpaka tone la mwisho."

Akakitazama kikombe kama mtu aliyekuta nge kiatuni. "Nimesahau! Hiki hakihesabiwi. Shemeji, nimiminie kingine."

"Umeshatikisa, shemeji," Khazna akasema. "Aliyeshiba simlazimishi."

Mitib akamgeukia Haji. Haji akakohoa. "Kunywa umekunywa, bwana. Anayekunywa kabla ya kujibiwa ameiacha haja yake mwenyewe. Ndivyo tulivyokuta."

Mitib akatoka akitukana, joho likiburuta majivu. Nilidhani wazee watamfuata kwa haya. Thubutu! Walipigana mapaja kwa kicheko, wakanyoosha miguu, na Haji Dhiyab akanyoosha kikombe.

"Mama, kahawa yako leo imetoka kweli kweli. Mungu atuwekee mikono hiyo."

Mikono aliyokuja kuinyang'anya kazi! Mate ya kutema yalinijaa mdomoni. Khazna akammiminia, bila tabasamu.

"Unampa?" nikamnong'oneza.

"Nampa. Akitoka hapa na kinyongo, kesho atamletea Mitib maneno mengine, na safari hiyo hatagusa kikombe mpaka nijibu."

Akaenda kuwamiminia na wale wawili. Nikaacha kahawa yangu nusu, nikarudi tanurini.